Bwana Mahali-Pake na Kutekwa kwa Kabati la Chini

Sogeeni, enyi mlioketi vitini na mlioegemea milango, nanyi wenye sufuria motoni punguzeni moto, maana habari hii ikianza haina pa kukatia. Mmekwisha simuliwa majemadari waliobomoa kuta za miji, na wafalme waliovuka majangwa juu ya ngamia. Lakini wale walikuwa na majeshi, na mwenye jeshi ushujaa wake una wasaidizi. Leo zinenwe habari za mtu mmoja, tumbo mbele, kalamu ya risasi sikioni, aliyeinuka sebuleni peke yake baada ya chai ya saa nne akaenda kupigana na mashine ya kukorogea unga. Enyi masufuria mliokuwapo, nawe chujio uliyekanyagwa, shuhudieni yasipunguzwe. Kuzidi yatazidi yenyewe.

Shujaa huyu alikuwa mtunza stoo mstaafu, na mtaa mzima ulimwita Bwana Mahali-Pake, kwa ule msemo wake, "Kila kitu na mahali pake," alioutoa harusini, msibani na hata kwenye foleni ya choo. Enzi zake alitawala bohari ya vipuri, akisimama kati ya vyuma kama sultani kati ya mawaziri, akinyoosha kalamu na kutamka, "Weka pale." Na kitu kikawekwa pale. Elimu ya kupanga ilimwingia mpaka kwenye mifupa. Mzigo wenyewe haukuwahi kumgusa hata bega. Waliobeba walikuwa wapagazi. Naye akaagwa kazini kwa soda na makofi, akiamini kwa moyo safi kwamba vitu vizito husogezwa na sauti.

Aliporudi nyumbani akaona nchi ambayo, kwa hesabu zake, haikuwa na mtawala, nayo ni jiko la mkewe. Mkewe ni mwokaji wa keki za watu, na jiko hilo alikuwa amelitawala tangu ujana wake bila kumpigia mtu baragumu. Shujaa akalivamia. Akaihamisha chumvi. Akapanga vikombe kwa urefu kama askari wa gwaride. Miiko akaificha mahali pazuri sana, pazuri kiasi kwamba hata yeye hakupajua tena. Ikawa kila asubuhi mama wa watu anaitafuta hamira kama aliyepotelewa na mtoto sokoni. Akavumilia. Mgeni siku ya tatu hupewa jembe, lakini mstaafu, wasema wenye uzoefu, mwache kwanza apoe.

Hakupoa. Maana juu ya kaunta palibaki adui mmoja asiyetii: mashine ya chuma kitupu, nyeupe, shingo nene, miguu ya mpira, na kichwa kinachoinuka ili bakuli litoke. Uzito wake mkewe aliujua, ndiyo maana hakuwahi kuihamisha. Kila Bwana Mahali-Pake alipoingia kuchukua maji, mashine ilimkodolea kama fahali aliyelala njiani, naye akahisi damu ya bohari ikichemka.

Asubuhi hiyo alikuwapo pia mdogo wa mkewe, fundi cherehani, futi shingoni, amejikunja kwenye kiti cha jikoni na kikombe chake. Shujaa akasimama mlangoni, mkono kiunoni.

"Sikieni, enyi wanawake wawili," akanena. "Hata lini kaunta hii itabeba mzigo wa dhalimu huyu? Katika bohari yangu kizito kilikaa chini, chepesi kikakaa juu, wala hapakuwa na chuma kilichokaa kifua wazi kama mgeni asiyeaga. Leo mashine hii italala ndani ya kabati la chini, mlango ukiwa umefungwa. Nami ndiye nitakayeilaza."

"Naitumia kila siku, baba watoto," akasema mkewe, akiendelea kuchekecha unga. "Iache ilipo."

"Kila siku si hoja."

"Na humo kabatini mna masufuria."

"Masufuria yatahama."

Shemeji mtu akanywa chai taratibu. "Shem, nikupimie kwanza? Futi hii hapa, bure."

"Shemeji, jicho hili limepima injini za malori."

"Na mgongo nao umeupima?"

Hapo mkewe akaweka chekecheke chini, akafuta mikono, akamtazama mumewe kama mtu atazamavyo maziwa yanayokaribia kufurika.

"Basi tuwekeane sharti," akasema. "Ukiiingiza humo peke yako na mlango ukafungika, jiko hili ni lako. Utasema wewe, sisi tutafuata. Ukishindwa, usiguse hata chumvi yangu mpaka tuzikane. Shahidi ni huyu mdogo wangu."

"Jiko lote?"

"Lote na kilichomo."

Macho ya shujaa yakang'aa. Tayari aliyaona majani ya chai yakipelekwa uhamishoni. Akakubali, na maji aliyoyavulia nguo mwenyewe ikawa hana budi kuyaoga.

Kwanza aliizingira ngome. Akalifungua kabati, akawatoa wenyeji wote, sufuria kwa mifuniko, wakatapakaa sakafuni wakilia, na chujio maskini likaangamia chini ya kisigino. Kisha akaikamata rafu ya katikati, akaivuta kwa hasira za simba. Rafu haikuwa imepigiliwa, imekalia vijiti tu. Ikaja yote kwa hiari, naye akaketi chini kwa kishindo kilichotikisa glasi.

"Umeshikilia pazuri, shem," akasema yule fundi. "Hapo hupotei."

Akainuka, akamwendea adui. Akaikumbatia mashine kwa kichwa, kama mtu abebavyo boksi lisilo na kitu. Lakini kichwa kile hakikuwa kimefungwa komeo lake. Kikainuka ghafla na kumpiga kidevuni, hata meno yakasalimiana.

"Imekusalimia, iitikie."

Safari ya pili akapitisha mikono chini ya tumbo la chuma, akanyanyua. Na hapo, enyi mlioketi, dunia ilimfunulia siri yake. Ulimi ukatoka, shingo ikavimba, na kooni mwake ukapanda mguno mrefu, wa chini, ambao aliutambua mara moja. Ndio mguno wa wapagazi wake. Miaka yote alidhani wanaguna kwa utovu wa nidhamu, na alikuwa akiwakemea. Ilikuwa nafasi nzuri ya kuona haya. Aliikosa, kwa kuwa mikono ilikuwa inateleza.

Akashuka nayo kwa magoti, akaibwaga sakafuni mbele ya kabati, akapumua kama mvukuto. Kisha akaketi, akaegemeza mgongo kwenye friji, akaweka nyayo zote mbili kwenye mashine, akasukuma kwa nguvu za ukoo mzima. Miguu ya mpira ikang'ang'ania sakafu. Kilichosogea ni friji.

"Tukubali yaishe?" mkewe akauliza, kwa upole uliouma kuliko kidevu.

"Thubutu," akajibu, na jasho likamwingia jichoni, lile lile lililopima injini. Akanyoosha mkono kwenye kaunta, akachota siagi kwa kiganja, akaipaka sakafu ya kabati, akaipaka na miguu ya adui.

"Siagi yangu hiyo ya keki."

"Vitani hakuna siagi ya mtu."

Akanyanyua ncha moja, akaguna, akasukuma kwa bega. Mashine ikateleza kama samaki, ikaruka kizingiti, ikaenda kuubamiza ukuta wa ndani. Shujaa akaufunga mlango, akageuka, akainua mikono yenye siagi juu.

"Shem," akasema fundi, "mkia umebaki nje."

Waya ulikuwa umelala sakafuni, na plagi yake. Akafungua ili auingize, na mashine, iliyokuwa imeonja utamu wa kuteleza, ikamrudia kwa mbio mpaka kwenye ugoko. Hakulia. Alitoa sauti nyingine tu. Akaisukuma tena, waya ukiwa ameung'ata kwa meno, akautupa ndani, akaubana mlango kwa mgongo, na sumaku ya mlango ikasema, *tak*.

"Iandikwe," akanena Bwana Mahali-Pake, akihema, ameegemea mlango, "kwamba aliyeambiwa hawezi, ameweza. Kaunta ni nyeupe. Mlango umefungwa. Jiko ni langu."

"Ni lako," mkewe akasema. Hakubisha hata kidogo. Alifungua aproni yake, akamzungushia mumewe kiunoni, akaifunga fundo zuri. "Mayai yako mahali pake, wewe ndiye unayepajua. Vyombo vya asubuhi viko kwenye sinki. Na keki ya jirani, mwenyewe anaifuata alasiri."

"Keki? Mke wangu, hebu..."

"Lote na kilichomo, baba watoto. Mimi nafuata amri zako. Kama huna amri, niko sebuleni na mdogo wangu."

"Siagi usiitie jasho, shem," akasema yule mwingine, akibeba kikombe chake.

Angeweza kulifungua kabati, akaitoa mashine, akakoroga. Lakini mlango ukifunguliwa, ushindi nao unatoka, tena unamjia ugokoni. Na kusema nimeshindwa, neno hilo halikuwa na mahali pake kinywani mwake.

Basi imbeni, enyi masufuria mliolala sakafuni, mvumishe kwa vizazi vijavyo: kwamba alikuwapo mtu aliyeteka jiko siku moja, kabla ya adhuhuri, akautafuta mwiko alioficha, akaukosa, akachukua uma, akasimama na aproni ya maua, mgongo ukiushikilia mlango wa kabati usifunguke, ndani yake imelala mashine nzima ya kukorogea unga, tulivu na salama, naye nje yake akaukoroga unga kwa mkono mpaka alasiri.