Pipa la Njano Kwenye Kona ya Mama Mkwe

Jumatatu, 3 Machi 2025

Teksi imepanda ukuta wetu tena! Dereva alitoka kwenye robot, taa za barabarani kwa lugha ya huku, kule juu kama anafukuzwa na nyuki, kona ikamshinda. Tofali zimeangukia ndani ya chumba changu cha ushonaji, pembeni kidogo ya cherehani. Mimi nilikuwa msalani. Mungu si Athumani.

Jioni mama mkwe, Mama Nomsa, mwenye nyumba na mwenye ukuta, ametuma neno kupitia mke wangu Lerato. Kwetu Shinyanga mtu hatazamani na mama mkwe wake uso kwa uso, kwa hiyo miaka yote hapa Randburg, Johannesburg, tunaongea kwa mjumbe. Neno lenyewe: nisipopata dawa ya kona hiyo kufikia Jumamosi, chumba anapewa Ignace. Ignace! Mkongomani wa saluni, mpangaji wa chumba cha nyuma, anayemwita mama mkwe wangu "Maman" na kumbusu mashavuni mchana kweupe. Anadai wateja wa nywele hawaogopi teksi.

Bila chumba hicho sina kazi. Nitashonea wapi, juu ya mti?

Jumanne, 4 Machi

Nimeona ajabu! Nilikuwa napeleka suruali za Elisante huko Sandton. Elisante ni Mtanzania mwenzangu, injinia wa barabara. Njiani, kwenye barabara kuu, gari lilikuwa limegonga ule ukingo wa chuma wa katikati unaotenganisha wanaokwenda na wanaorudi. Nikajiandaa kuona maiti. Wapi! Dereva amesimama kando, mzima, anafokea simu. Mwanzo wa ukingo una kichwa kipana cha mistari ya njano na nyeusi. Kichwa hicho kilikuwa kimesukumwa nyuma, na chuma kimetokea ubavuni kimejiviringa kama ganda la chungwa.

Nimemuuliza Elisante hata kabla hajajaribu suruali. Kishindo kimekwenda wapi? Gari zito vile! Akacheka, akasema kishindo kimeliwa. Kichwa kikigongwa kinateleza juu ya chuma, kinakibana na kukikunja, na nguzo za mwanzo zimetengenezwa dhaifu makusudi ili zikatike moja moja. Gari linachoka pole pole. Zamani, anasema, ncha ya chuma ilikuwa tupu, na ilikuwa ikitoboa gari kama mshikaki.

Chuma kinachokula kishindo! Nani alikiwaza? Alianzaje? Mkewe alisemaje? Nimepitiliza kituo changu kwa kuwaza.

Jumatano, 5 Machi

Majaribio. Nimegongesha pasi kwenye boksi la viatu: boksi limekunjika, pasi imesimama. Kweli! Nikagongesha kwenye kopo la biskuti. Kweli tena! Nikagongesha kwenye sufuria mpya ya Lerato. Sitaandika yaliyofuata.

Alhamisi, 6 Machi

Ujenzi. Kichwa ni pipa la mafuta nililolipaka njano na nyeusi. Ukingo ni vyuma vya geti bovu, mwisho wake nimeuegemeza ukutani ili usiyumbe. Pipa limependeza! Ignace kapita, kauliza kama ni la Krismasi. Husuda hiyo.

Kwenye nguzo nimetumia akili yangu. Dhaifu makusudi? Baba yangu angefufuka anichape. Mwanaume akichimbia nguzo ya kulegea, kijiji kizima kinamcheka. Nimechimba hadi kiunoni na kumwaga zege. Lerato kaniuliza mbona mimi mwenyewe nikishona koti nalishikiza kwanza kwa uzi mwepesi, ule wa kukatika, na siulaumu. Nimemjibu kwamba koti si barabara. Karudi kwenye sufuria yake. Nadhani ameridhika.

Jumamosi, 8 Machi

Nitaandika haraka.

Makubaliano yalikuwa hivi. Ignace aje na kigari chake taratibu. Nikishusha kitambaa chekundu, akanyage breki, aguse pipa kidogo tu, mama mkwe aone dawa kwa macho yake. Nilidhani angetazama kutoka dirishani. Kumbe Ignace, mjanja yule, kamkaribisha "Maman" kiti cha mbele!

Gari likaja. Nikainua kitambaa. Nikaona kilemba cha mama mkwe nyuma ya kioo, na macho yake yananitazama sawasawa. Ningefanya nini? Nimelelewa! Nikageuka, nikachuchumaa, nikajifunika kichwa kwa kile kile kitambaa. Ignace akangoja ishara. Ishara iko kichwani kwangu.

Puu!

Nguzo hazikutikisika hata kidogo, na kwa dakika nzima niliona fahari. Kilichokunjika ni boneti ya Ignace. Na kishindo, ambacho hakikuliwa na mtu, kilipita moja kwa moja kwenye vyuma vya geti hadi ukutani. Ukuta uliovumilia teksi zote za Johannesburg umelala chini. Mama mkwe hana hata mkwaruzo, alifunga mkanda. Chumba changu! Nimelia mbele ya majirani, na sikuona haya.

Jumapili, 9 Machi

Ignace amehamia. Ukuta hakuna, kwa hiyo ananyoa watu wakiangalia barabara, na wateja wamejaa. Wanasifu hewa. Eish!

Mama mkwe ametuma neno. Niingize cherehani sebuleni kwake: huko teksi haifiki, na mtu kama mimi afadhali awe karibu. Sikutegemea. Nimekaa nimetazama ukuta, yeye nyuma yangu. Akitaka gauni lipunguzwe anaiambia televisheni, na mimi nalijibu pazia. Ana huruma yule mama kuliko nilivyodhani.

Elisante amekuja kutazama. Akachuchumaa karibu na zile nguzo, akatikisa kichwa, akanieleza upya kama anafundisha chekechea. Nguzo ile kukatika ndiyo kazi yake. Ikikaza, kuna mwingine atakayekunjika. Nimemsikiliza mpaka mwisho. Nimemwambia nimeelewa kila neno.

Kosa lilikuwa moja tu: saruji ilikuwa kidogo. Imebaki mifuko nyuma ya choo, na mlango wa sebule hii, nimeuchunguza leo wakati mama mkwe anasinzia, hauna kinga yoyote.