Binti Yangu Arudishwe Kutambaa

Bwana Meneja wa Karakana ya Kompyuta,

Natumaini wewe na mafundi wako mu wazima. Mimi ni mpiga lipu kwenye ghorofa linalojengwa nyuma ya duka lenu, mtusamehe vumbi. Naandika kwa mkono kwa sababu hizi:

1. Kompyuta yangu niliileta ikiwa bado ndani ya dhamana yenu ya miaka miwili. Herufi A ilikuwa imenasa, na bila A mtu haandiki hata "mama". Mliniambia nije kesho. Kesho yenu, Bwana Meneja, ni ndefu kuliko mkataba wangu wa kazi.

2. Niliporudishiwa, ilikuwa tupu. Dada wa mapokezi akaniambia, "Shukuru, baba, imerudi kama ilivyotoka kiwandani." Mimi nikiitwa kuziba ufa, simrudishii mwenye nyumba kiwanja kitupu nikamwambia ashukuru, ufa haupo.

3. Ndani mlikuwa na video ya binti yangu akipiga hatua zake za kwanza. Nilisafiri akiwa tumboni. Simu yangu ni ya kitochi, hivyo mke wangu aliniletea video hiyo kwenye flashi, kupitia mwenzangu aliyetoka likizo. Kila jioni, hata kabla ya kunawa saruji, nilimtazama akianguka mkekani na kuinuka.

4. Fundi wenu aliniuliza kama nilikuwa na nakala. Nilikuwa nayo! Niliiweka kwenye kompyuta hiyo hiyo, folda ya pili. Alicheka mpaka akaomba kiti. Akasema ni sawa na kufungia ufunguo wa akiba ndani ya nyumba. Nimeelewa, ila somo limekuja baada ya mwizi.

5. Anasema dhamana ni ya chombo, si ya kilichomo. Vema. Basi mtume fundi nyumbani kwetu, na binti yangu naye arudishwe alikotoka, angalau mpaka kutambaa, ajifunze kutembea upya, apigwe video. Hajatimiza miaka miwili. Bado yumo ndani ya dhamana. Fundi avue viatu mlangoni, mama mkwe ni mkali.

6. Mke wangu asijue. Nitamwambiaje kwamba mtoto amepotea kwa ajili ya herufi moja?

Nisalimie dada wa mapokezi, mlinzi, na fundi yule mwenye kicheko.

Ni mimi,
Mpiga lipu, ghorofa ya tatu.

N.B. Barua hii nilimpa mwenzangu wa chumbani, tunayemwita Spika, anisahihishie. Akampigia mke wangu, akamsomea yote. Mke wangu anasema video anayo kwenye simu yake, dada yake anayo, na mama mkwe huwaonyesha wageni kabla hawajaketi. Kwa hiyo fundi asisafiri. Amesema pia kwamba mtoto sasa anakimbia, na kila akisikia hodi hukimbilia mlangoni akiita baba. Nimemwandikia msimamizi wangu kuomba likizo. A bado imenasa, lakini hiyo haina haraka.