Vijiti Sita Stooni

Jumatatu, 7 Julai

Leo ndiyo leo. Mzigo umefika! Kisanduku chenyewe hakizidi kiatu kimoja cha mtoto. Ndani yake vijiti sita vya USB, vyeusi, kila kimoja na mapezi ya bati mgongoni ya kutolea joto. Pamoja na kigawa umeme chenye matundu saba, na kijitabu cha maelezo kwa lugha ya kigeni. Ukiviona utadhani ni flashi za kuhifadhia nyimbo. Thubutu! Kila kijiti ni mchimbaji. Unakichomeka kwenye kompyuta, kinapiga mahesabu kutwa kucha, na hesabu zikikubaliwa unalipwa chembe za sarafu ya mtandaoni. Hushiki sururu. Hutoki jasho.

Mimi ni fundi saa. Maisha yangu yote nimeshika vitu vidogo, kwa hiyo ni haki yangu vitu vidogo vinitajirishe. Kibandani hali si hali. Watu wanaangalia saa kwenye simu. Wiki iliyopita nilipata wateja wawili, na mmoja alikuwa anauliza njia.

Mke wangu ameuliza nimenunua kwa hela gani. Nimesema ni akiba ya kazini. Halafu akauliza ile saa ya ukutani ya sebuleni, zawadi ya mama yake siku ya harusi yetu, imekwenda wapi. Nimesema iko kwenye matengenezo. Alibaki kuutazama ule msumari mtupu, kisha akarudi jikoni.

Jumanne, 8 Julai

Vita vya stoo. Mke wangu anaoka mikate ya kuuza, na mwenye mgahawa wa pale kona amemwambia atachukua mikate arobaini kila siku, kama ile ya majaribio, Jumamosi hii, itamridhisha. Arobaini! Ila jikoni hamna pa kuweka mabeseni wala trei. Kwa hiyo anaitaka stoo. Na mimi stoo nimeshaigeuza ofisi.

Nikamweleza kwamba uchimbaji unataka chumba chake, chenye utulivu. Akanikumbusha uyoga niliootesha humo mwaka juzi, ambao harufu yake bado ipo. Akanikumbusha na zile saa mia mbili za kuamshia, ambazo zilikuwa zinalia zote kwa pamoja saa nane mchana. Nimeona ameniingilia mambo ya zamani kabisa.

Tumekubaliana hivi. Nimepewa hadi Jumapili mchana. Vijiti vikiwa vimeleta chochote, hata cha kununulia kiberiti, stoo ni yangu moja kwa moja, na yeye hatauliza tena. Visipoleta, natoa kila kilicho changu, na mimi ndiye nitakuwa mbeba trei wake kila asubuhi. Tumepeana mikono. Kwa kweli nimemwonea huruma.

Jumatano, 9 Julai

Vijiti vimewaka! Taa sita za kijani, zinapepesa kama macho ya wajukuu wakisubiri pipi. Nimekaa kuzitazama mpaka chai imepoa.

Kazi ilikuwa kwenye anwani. Kompyuta ilitaka kujua malipo yatumwe wapi, na mahali penyewe panaandikwa kwa herufi na tarakimu thelathini na nne, zimechanganywa ovyo. Mtu mwingine angekwama hapo. Mimi nikafungua kijitabu, ukurasa wa kumi na moja, nikaikuta imeshaandikwa tayari! Wenzetu wanafikiria kila kitu. Juu yake palikuwa na neno moja la kigeni ambalo silijui. Nimelichukulia kuwa ni hongera.

Nimevaa kile kilenzi changu cha jicho, cha kufungulia saa za kike, nikainakili moja baada ya nyingine. Nimeihakiki mara tatu. Thelathini na nne, bila kosa hata moja! Huo ndio ufundi.

Shemeji yangu Chaji amepita. Ni mdogo wake mke wangu, fundi simu. Kibanda chake kimepakana na changu, na foleni ya wateja wake inapita mlangoni kwangu. Watu wanaegemea meza yangu kumsubiri yeye! Amevitazama vijiti, akaniuliza kama vinachaji pia. Akacheka peke yake. Akala nusu mkate, akaondoka. Wivu huo.

Alhamisi, 10 Julai

Kazi zilizokubaliwa mpaka saa sita mchana: mia nne na kumi na mbili. Nimemtangazia mke wangu. Akauliza mia nne na kumi na mbili za nini. Nikamjibu, za kukubaliwa. Akasema hata yeye alikubaliwa, na ona alipofika.

Tatizo ni joto. Vijiti vimekuwa vya moto hata kidole hakikai. Nimehamisha feni ya chumbani. Mke wangu amesema na baridi hii hakuna anayeihitaji feni, niichukue tu. Nimechukulia kama dalili ya kulegea.

Baridi kweli imezidi. Unga wake hauumuki. Ameweka hamira, ameukanda, ameufunika, amesubiri nusu siku, na unga umelala vilevile chini ya beseni. Mikate imetoka bapa. Chaji amesema ni mizuri kwa kuzuia mlango usijifunge, lakini amekula mitatu.

Ijumaa, 11 Julai

Mama mkwe amefika kumsaidia binti yake kwa mikate ya kesho. Nimemwamkia kwa heshima zote, nimempokea mkoba, nimejipanga mbele ya ule msumari ili asiuone. Nimesimama hapo muda mrefu. Mwishowe akaniomba nisogee aone saa ngapi.

Nimemwambia saa iko kwenye matengenezo. Akauliza kwa fundi gani. Nikasema kwa fundi mmoja mzuri sana. Akauliza, baba, kwani wewe siku hizi unafanya kazi gani? Nikaenda kukagua feni.

Kazi zilizokubaliwa: elfu moja na tisini.

Mchana wamejaribu tena kukanda, na tena unga umegoma. Mke wangu amekaa kwenye kigoda cha jikoni, mikono imejaa unga. Amesema mwenye mgahawa hatampa nafasi ya pili, kuna mwoka mikate mwingine anasubiri mlangoni. Sijazoea kumwona hivyo. Yeye ndiye aliyetulisha mwaka mzima wa uyoga na mwaka mzima wa saa za kuamshia, wala hajawahi kunisimanga mbele ya watu. Nimeumia. Nimemwambia asijali, vijiti vikilipa nitamnunulia mgahawa wenyewe. Hakufarijika kama nilivyotarajia.

Jumamosi, 12 Julai

Siku ya ajabu! Naandika bado nina unga kwenye nyusi.

Nimerudi kutoka kibandani saa nne asubuhi (hakuja mtu) nikakuta mlango wa ofisi yangu umefungwa na gunia limesukumizwa chini yake. Nimefungua. Feni imezimwa! Humo ndani mna joto la kuangulia vifaranga. Pembeni ya vijiti vyangu, mabeseni manne yamefunikwa vitambaa vibichi. Nimepiga kelele. Mama mkwe amekuja na mwiko mkononi, akanieleza kwa upole kwamba alfajiri aliingia kutafuta trei, akahisi joto, akasema huyu Mungu si wa kuchezewa, kumbe mkwe wangu ana chumba cha kuumulia unga na anakificha! Kuhusu feni, amesema upepo unaua hamira.

Nilikuwa karibu kumjibu. Halafu nikatazama yale mabeseni. Vitambaa vilikuwa vimeinuliwa juu, vimetuna. Mke wangu akafunua kimoja. Unga umeumuka mpaka unataka kutoka! Akaubonyeza kwa kidole, ukarudi taratibu. Akacheka. Tangu Jumanne sijamsikia akicheka.

Tumefanya kazi wote. Nimebeba trei. Kwa kuwa ukutani hakuna saa, nimewekwa mlangoni mwa oveni na saa tatu za wateja mkononi, nikiita dakika kwa sauti. Mikate arobaini imetoka, imetuna, rangi ya kahawia. Mwenye mgahawa ameukata mmoja, ameunusa, ameagiza arobaini kila siku kuanzia Jumatatu. Mke wangu amenishika mkono barabarani tukirudi, mchana kweupe. Nimefurahi sana.

Na haikuishia hapo! Nimeingia stooni kuwasha feni, nikakuta maandishi mapya kwenye kioo cha kompyuta: malipo yametumwa! Kiasi chenyewe kina sifuri nyingi mbele, ila mwishoni kabisa kuna saba. Saba! Siyo sifuri! Sijamwambia mtu. Kesho mchana nitashinda mbele ya ukoo.

Jumapili, 13 Julai

Saa sita kamili wote sebuleni. Mke wangu, mama mkwe, na Chaji, ambaye nilimwita makusudi ashuhudie na baadaye anionyeshe namna ya kuzitoa hizo hela. Nimesimama. Nimetoa hotuba fupi. Nimegeuza kompyuta wakaona kwa macho yao: malipo yametumwa.

Mama mkwe amenipongeza. Mke wangu amekunja uso kidogo, akasema basi, makubaliano ni makubaliano. Raha iliyoje! Chaji akauliza, yametumwa wapi?

Nikasema kwenye anwani. Akauliza anwani ya nani. Nikasema ya mashine, ilikuja nayo. Akaomba kuiona. Nikampa kijitabu, ukurasa wa kumi na moja. Akasoma lile neno la juu, lile la hongera. Akakiweka kijitabu chini, akajishika tumbo, akateleza kutoka kwenye kiti hadi sakafuni.

Neno lile maana yake ni mfano. Ile ni anwani ya mfano tu, imewekwa ili mtu aone anwani inavyofanana, halafu aweke ya kwake. Siku nne nimemchimbia mtu nisiyemjua!

Nimejitetea. Tangu darasa la kwanza nimefundishwa kufuata mfano, na nilikuwa nasifiwa. Chaji, akifuta machozi, ametafuta anwani hiyo kwenye simu akakuta inapokea vijichembe kutoka kwa watu kila pembe ya dunia. Hilo limenipa moyo. Kumbe tuko wengi! Tungeweza kuanzisha chama, na mimi ningekuwa katibu.

Stoo imekwenda. Nimeanza kukusanya vyangu, nikashika waya kuchomoa vijiti. Mke wangu na mama yake wamepiga kelele kwa pamoja: usiguse! Amri imetolewa hapo hapo. Kompyuta, vijiti, kigawa umeme, vyote vinabaki vilivyo, viwake kila asubuhi mpaka unga uumuke. Mimi natoka. Feni pia.

Jumatano, 16 Julai

Siku tatu sasa mimi ni mbeba trei. Si kazi mbaya. Wateja wa mgahawa wananiita Mzee wa Mikate, na mmoja amenipa saa yake niitazame.

Habari kubwa ni Chaji. Kumbe nimemkosea sana kijana huyu! Leo amekuja na ile saa ya ukutani mikononi. Ndiye aliyeinunua kwa yule mwuza vitu vya mitumba niliyemwuzia mimi, akaitundika kibandani kwake nyuma ya kalenda. Ameirudisha bure. Bure kabisa! Mama mkwe ameitundika mwenyewe, akasema yule fundi mzuri amechelewa, lakini kazi yake safi. Nimeinama kufunga kiatu.

Kisha Chaji amenivuta pembeni. Amesema inamsikitisha kuona vijiti vinawaka kila siku halafu faida inakwenda kwa watu baki. Akafungua simu yake, akaingia kwenye pochi yake ya mtandaoni, akanakili anwani kutoka humo kwenye karatasi, akanikabidhi. Hii, shemeji, siyo ya mfano, akasema. Hii inafanya kazi kweli.

Sasa mimi si mtoto. Nimejifunza kuuliza. Nikamwuliza waziwazi kama hiyo anwani ni yangu. Akanishika bega, akasema ndani ya familia hakuna changu wala chako. Maneno hayo yamenigusa. Akaniambia pia nisihangaike kuangalia kila siku kama hela zimeingia, atakuwa ananiangalizia yeye. Na vijiti nisizime, hata unga ukishaumuka. Ameahidi kuongeza vinne kwa gharama yake mwenyewe! Nilikuwa namdhania wivu bure.

Nimemwonyesha mke wangu ile karatasi. Ameisoma, akamtazama mdogo wake, mdogo wake akatazama dari. Amecheka mpaka akajifuta kwa aproni. Akasema yeye hana neno, mradi joto lisipungue.

Nimevaa kilenzi, nimeingia stooni nikisogeza mabeseni polepole, nimefuta ile ya kijitabu na kuweka hii mpya, herufi kwa herufi. Nimehakiki mara tatu. Thelathini na nne, bila kosa hata moja!