Vichwa Vitano vya Kulungu

Ijumaa, Novemba 22

Daftari, salamu. Sijawahi kuandika shajara, nimezoea barua tu, kwa hiyo nakusalimu kama mtu. Mimi Arlys sijambo, ila goti. Verlyn mume wangu hajambo, anapaka bunduki mafuta toka asubuhi, kesho msimu wa kuwinda kulungu unafunguliwa. Binti yetu Tammi hajambo, kwa mdomo wake tu, maana kiwanda cha karatasi kilimwachisha kazi Agosti na sasa anafua mashuka kwenye nyumba ya wazee saa chache kwa wiki. Wanawe hawajambo: Kayla wa miaka tisa, Brody wa sita, na kitinda mimba Junie, anayekula kama fundi mwashi. Mama mkwe hajambo, bado ananiita kwa jina la mke wa kwanza wa Verlyn. Mchungaji hajambo. Ng'ombe tulishauza. Wote wanakusalimu.

Sasa shida. Stoo ya chakula ya kanisa letu la Kilutheri naisimamia mimi. Kila Jumanne familia ishirini na mbili zenye shida huja kuchukua chakula bure. Tammi yumo. Kwangu mimi hachukui kitu! Nilimpelekea paja la nguruwe, akalirudisha likiwa bado limeganda. Anasema yeye si mtoto. Lakini cha stoo anachukua, kwa kuwa cha stoo ni cha wote. Basi Jumanne ndiyo siku yangu ya kuwaona wajukuu. Na stoo yangu ina nini? Maharage ya kopo. Ng'ambo ya barabara, kwa Wakatoliki wanaogawa Alhamisi, Bernadine Kopecky wa stoo yao ana mafriza matatu ya nyama ya kulungu. Tammi kaniambia juzi, bila kunitazama usoni: Mama, ikifika Krismasi hapa hakuna nyama, nahamia kwa Bernadine, watoto wamechoka maharage.

Lazima nipate nyama.

Jumamosi, Novemba 23

Wanaume wote porini na makoti yao ya rangi ya chungwa. Serikali ya jimbo inataka kulungu wapungue, wamezidi, wanamaliza mahindi ya watu na kuvunja magari. Vibali vya majike vinagawiwa kama karanga. Mwindaji akitaka kutoa jike lake kwa wenye njaa, Lyle Stubbe wa bucha anamkatia bure. Dume lenye pembe hawatoi. Hilo la ukutani.

Saa nne nikaweka meza mbele ya bucha. Kahawa na keki za maboga, kuwavuta wawindaji wanipe mimi. Na Bernadine naye kaweka! Hatua kumi tu. Supu ya moto na pai za aina mbili. Akaniuliza, kwa sauti ya kufika mtaa wa pili, kama keki zangu mwaka huu zimeiva katikati.

Kufika saa tisa alasiri ana kulungu kumi na mmoja. Mimi sina hata mmoja. Binamu yangu mwenyewe Gordy kala keki zangu tatu, kisha kampa Bernadine kulungu!

Ndipo nikasikia wanacholalamikia wawindaji. Si chakula. Ni vichwa. Kuna ule ugonjwa unaowakondesha kulungu mpaka wanatembea kama walevi, kwa hiyo nyama ya kutoa haigawiwi mpaka kichwa kipimwe. Mwindaji akate kichwa na kipande cha shingo, akitie kwenye mfuko wa plastiki, ajaze fomu, akifunge lebo ya namba, apeleke kwenye kasha la maabara, maili kumi na nane. Orv Tollefson akasema heri azikwe pamoja na kulungu wake kuliko kujaza fomu ile.

Nikapanda juu ya kreti. Jamani, leteni majike yenu kwangu, vichwa na fomu niachieni mimi!

Watano wakaja, Orv na mwalimu Dwight wakiwemo. Watano! Bernadine alimwaga supu.

Jumapili, Novemba 24

Fomu ni ndefu. Mimi shule niliacha darasa la nane nikakamue ng'ombe, na kalamu mkononi mwangu ni jembe. Verlyn alinionya jana: namba ifunge kichwani palepale bucha, mama Tammi, usiondoke nazo. Nikamwambia ashughulike na bunduki yake. Mpango wangu ulikuwa bora. Namba zote nilikuja nazo nyumbani nijaze mezani kwa utulivu, na juu ya mifuko ya vichwa niliandika majina ya wenyewe kwa kalamu ya wino. Mifuko nikaiweka kibarazani kwenye baridi.

Ikanyesha theluji ya majimaji. Wino wote umetiririka. Vichwa vitano, vyote majike, vyote vinanitazama, na hakuna hata kimoja chenye jina.

Nikavuta kiti nikafikiri. Kila mnyama ana uso wake. Wa Orv alikuwa na sura ya kusikitika, nakumbuka, kama Orv. Wa mwalimu Dwight alikuwa na masikio mapana. Watatu waliobaki nilifuata moyo. Namba nimefunga. Kasha nimelijaza. Sijamwambia mtu. Ni vichwa tu, jamani! Wazima wote hao.

Jumanne, Novemba 26

Nimeitangazia foleni nzima: kabla ya Krismasi kila nyumba itapata paketi nne za nyama ya kusaga. Watu walipiga makofi. Tammi akasema, Mama, usiahidi. Junie alinikumbatia mguu akakataa kuachia.

Nikaahidi mara ya pili.

Alhamisi, Novemba 28

Sikukuu ya Shukrani. Bata mzinga kakauka kama ubao. Verlyn hajapata kulungu, anasema walimsikia akitafuna. Tammi alikuwa zamu. Mama mkwe akauliza mke wa kwanza ameniachia wapi ile sosi yake nzuri.

Ijumaa, Desemba 6

Lyle kapiga simu. Majibu! Wanne wazima, mmoja ana ugonjwa. Namba ya Orv. Lyle alikuwa ameweka nyama ya kila mmoja mbali, kwa hiyo ya Orv kaitupa, wanne waliobaki nikachukue Jumatatu. Wanne! Nikamshukuru Mungu kwa sauti.

Kisha nikakaa chini. Je, kama kile chenye sura ya kusikitika hakikuwa cha Orv, na mgonjwa yumo kati ya hao wanne?

Nikamuuliza Verlyn kwa mbali, kama habari ya watu wengine, mtu akila nyama ya kulungu mgonjwa inakuwaje. Akasema hajasikia mtu aliyeugua, ila wenyewe wa serikali wanasema usile. Kisha akaweka kikombe chini. Kwa nini unauliza? Nauliza tu. Arlys. Nauliza tu, baba!

Hakuna aliyeugua. Si umesikia? Nitanyamaza.

Jumatatu, Desemba 9

Nimechukua nyama. Paketi nyekundu, safi, zinapendeza. Nimezipanga kwenye friza ya stoo. Nimezipanga tena. Sijala mchana.

Jumanne, Desemba 10

Ee Mungu wangu.

Foleni mpaka nje. Watu wanacheka, wanapokea, wanaondoka. Bernadine kavuka barabara kuja kutazama. Akainua paketi, akaipima kwa mkono, akasema si mbaya kwa mwanzo. Kwa mwanzo!

Tammi akafika. Akaziona paketi zake nne. Kisha akasema, Mama, kumbe umeweza. Neno hilo sijalisikia kwake toka aolewe. Kayla akauliza kama leo wanaweza kupika makaroni na nyama. Junie akaibeba paketi moja kifuani kama mwanasesere.

Nikaishika ile paketi. Junie akavuta. Nikavuta. Foleni nzima inatazama bibi anamnyang'anya mjukuu wake nyama. Tammi akasema, Mama, umeingiwa na nini? Nami nikapiga kelele: nilibahatisha! Vichwa vile nilibahatisha kwa sura!

Bernadine akaweka paketi chini.

Kisha akauliza, taratibu: kwa sura?

Tukazikusanya zote. Waliokwisha ondoka niliwafuata kwa pikapu. Hazel Lund alikuwa ameshaitia kwenye kikaango na vitunguu, nikaibeba na kikaango chake. Akanifuata barazani na mwiko. Nyumba hadi nyumba nimebisha hodi kuomba nyama nirudishiwe, na kila mlango nikaeleza upya habari ya masikio.

Tammi aliondoka na maharage. Mlangoni aligeuka. Alhamisi nakwenda kwa Bernadine, Mama. Kule hakuna atakayeninyang'anya.

 Ningemnyang'anya tena.

Jumatano, Desemba 11

Bwana nyama wa wilaya, yule msimamizi wa wawindaji, kaja, Todd Haugen, na kofia yake ya serikali. Hakukasirika, ndiyo mbaya zaidi. Aliniomba nimweleze nilivyozitambua sura. Nikaeleza. Aliandika yote huku akijiuma midomo. Kulungu wanne waliobaki nao shimoni. Akaniambia nilifanya vyema kusema, na kwamba katika wilaya yake nisiguse tena kichwa cha kulungu, hata kilichotundikwa ukutani.

 Verlyn alisafisha bunduki iliyokuwa safi.

Orv naye kapiga simu. Nyama haimsumbui. Anataka kujua ni nani aliyesema yeye ana sura ya kusikitika.

Alhamisi, Desemba 12

Nimepata njia!

Wajukuu Alhamisi wako kwa Bernadine. Basi na mimi niwe kwa Bernadine. Saa mbili asubuhi nilikuwa mlangoni kwake nikijitolea. Alinitazama juu mpaka chini. Akasema, Arlys mwenzangu, hapa tuna karo la kuoshea vyombo na tuna masufuria, kingine usiguse. Akanifunga aproni yeye mwenyewe, kamba kaikaza mno, akaniweka nigeukie ukuta.

Nikasugua. Wakatoliki wanaunguza supu kuliko sisi, nimeliona hilo kwa macho yangu.

Saa kumi alasiri nikasikia miguu midogo inakimbia. Junie alinitambua kwa mgongo! Tammi akasimama nyuma yake na mfuko wa nyama, nyama ya kweli, iliyopimwa. Mama, akasema, hata huku? Nikamwambia naosha masufuria tu. Akacheka. Hakutaka, lakini akacheka, mpaka akavuta kiti. Akanywa kahawa. Akaniuliza hali ya goti. Brody akanionyesha jino lililotoka. Kuondoka, Tammi akasema, haya, Alhamisi ijayo, na usinifuate na kikaango.

Alhamisi ijayo! Kaitamka mwenyewe.

Ningeishia hapo. Ila nilipokuwa nakausha masufuria nikamsikia Bernadine akigombana na karatasi. Msimu wa majike wa sikukuu unafunguliwa tarehe 24, wawindaji wanataka awajazie fomu kama nilivyofanya mimi, na mkono unamuuma. Kama nilivyofanya mimi! Nami nikakumbuka kwamba wilaya ya Todd inaishia mtoni, na wawindaji wengi wa Bernadine wanatoka upande wa pili. Upande wa pili hakuna aliyenikataza.

Nimeandika kikaratasi nikakipitisha chini ya mlango wake. Nakinakili hapa nisije nikakisahau:

Bernadine mwenzangu, salamu kwako, kwa mumeo, kwa dada yako, na kwa padri. Sisi wote wazima. Vichwa vya ng'ambo ya mto niachie mimi, wewe pumzisha mkono. Mambo ya wino nimeshaacha, safari hii majina naandika kwa penseli. Nijibu upesi, kabla ya tarehe 24.