Kilele Kisicho na Mwenyewe

Leo nimepata aibu, jamani, tena nikiwa nimevaa viatu vipya. Nawaandikia kutoka Beni, ndani ya taxi inayongoja kujaa irudi Butembo.

Mnajua leo asubuhi nilikuwa natetea kazi yangu ya mwisho ya kemia, chuoni hapa Beni. Nikianguka, basi. Mama alikwisha sema mwaka wa kurudia hakuna, nitakwenda Kayna kulima maharagwe na shangazi.

Kazi yenyewe ni hii. Nilichukua maganda ya kinkina, mti ule wa dawa ya malaria, nikatoa unga mweupe. Unga uliingia ndani ya kichupa, kichupa kikatumwa Ulaya kwenye mashine yenye sumaku kubwa, maana huku kwetu haipo. Ndani ya sumaku ile kila hidrojeni ya molekuli inatoa ishara kulingana na mahali ilipokaa, na ishara zinachorwa kwenye karatasi kama vilele vya milima. Kazi yangu mimi ni kukipa kila kilele mwenyewe. Hiki cha hidrojeni hii, kile cha ile.

Karatasi iliporudi, vilele vyote vilipata wenyewe, isipokuwa viwili, mwisho kabisa upande wa kulia. Kimoja kirefu kuliko vyote. Nilikaa nacho wiki tatu. Kumuuliza profesa wangu niliogopa (ni mtu wa Kisangani, hakasiriki, anakuangalia tu, na hiyo ni mbaya zaidi). Mwishowe nikaamua: molekuli yangu ni mpya duniani, ina mkia mrefu wa kaboni. Nikaipa na jina. Butembine.

(Msicheke bado. Hatujafika.)

Ukurasa wa Butembine niliuongeza mwenyewe wiki iliyopita, profesa akiwa amekwisha kusoma kurasa zingine zote. Kwa hiyo leo aliuona kwa mara ya kwanza, mbele ya watu.

Nikaingia ukumbini. Salle imejaa. Mama amekaa mstari wa mbele na kitenge cha mamans wa parokia, rozari mkononi. Nikachora molekuli yangu ubaoni, pamoja na mkia wake. Chaki ikanikatikia mara mbili.

Profesa akafungua ule ukurasa. Akauangalia. Akaniangalia.

"Mademoiselle, hii pic kubwa, hii kilele, uliipatia nani?"

"Mukia ya molécule, Professeur."

"Mukia ya carbone ngapi?"

"Kumi na munane."

Akainamia karatasi. Jasho likashuka mgongoni, na Mungu anajua Beni kuna joto kuliko kwetu, lakini lile halikuwa la joto.

"Kile kichupa ulitia unga, kifuniko yake ulifunga na nini?"

"Na mukono, Professeur."

"Hapana na mafuta?"

Hapo ndipo nikakumbuka. Asubuhi ile ya kutuma, Butembo baridi imekaza, kifuniko cha kioo kinakwama kwama. Kwetu kila nyumba ina boîte, kopo la mafuta ya kupakaa karibu na mlango, hakuna anayetoka na ngozi kavu. Nikatia kidole, nikapaka kifuniko kizunguke vizuri. Basi. Kidole kimoja, na mafuta yenyewe ni mikia ya kaboni mitupu.

"Hapana, Professeur." (Uongo. Mdomo ulijibu kabla yangu.)

Nikaona mkono wa mama unapanda.

"Pardon, Professeur. Mafuta iko. Ni yangu. Alitia kidole ndani ya boîte yangu ile asubuhi, na mimi nilimuona. Lakini huyu mutoto hapana mwizi. Ile mafuta nilimupatia."

Salle nzima ikaangua kicheko. Walimu wa jury pia. Mimi niliomba sakafu ipasuke. Profesa peke yake hakucheka.

"Aksanti, mama," akasema. "Donc, pic imepata mwenyewe." Halafu akanigeukia. "Futa ile mukia."

Nikafuta kwa kiganja, machozi yananilengalenga. Nilikuwa nauona mlango wa shangazi kule Kayna, na jembe limeegemea pale.

"Inabakia nini?"

"Quinine, Professeur."

"Ile batu banajua tangu zamani?"

"Tangu zamani sana, Professeur."

"Na zile pics zingine?"

Nikazitaja moja moja, kila moja na hidrojeni yake. Alifuata kwa kidole kwenye karatasi mpaka ya mwisho.

"Zote ziko fasi yake, kila pic na mwenyewe," akasema. "Umepita. Lakini huu ukurasa utoe mbele ya jua kuzama."

Nimepita, jamani. Nimepita, na bado naogopa, kwa sababu mama yuko hapa kando yangu na simu, anapigia parokia nzima: "Ile mashine ya Bazungu iliona mafuta yangu! Ile ya boîte ya kijani!" Naomba kitu kimoja tu: mkinikuta sokoni, msiniite Butembine.

Sasa hivi amemaliza kupiga simu. Ameangalia mikono yangu iliyokaushwa na chaki, ametoa ile boîte kwenye sakoshi, ameifungua.

"Pakaa," ameniambia.

Nimetazama pande zote kama profesa hayupo, ndipo nikatia kidole.