Itifaki ya Mnyonya Damu

Jumatatu, 9 Juni 2025

Nimeshtuka. Naandika nikiwa bado nimeshtuka. Filamu ya Jumamosi imewasili, na maandishi yake ya Kiswahili, yale yanayopita chini ya picha, ni aibu tupu!

Kwa faida ya vizazi vitakavyoisoma shajara hii: mimi ni Mwalimu Phineas Mideva, mstaafu wa somo la Kiswahili, mwenyekiti wa Chama cha Wapenzi wa Filamu hapa Kakamega, mwaka wa tisa mfululizo. Kila Juni tunaonyesha filamu moja ya kigeni katika ukumbi wa kanisa, kisha wanachama wanamchagua mwenyekiti kwa mlolongo: kila mtu husimama nyuma ya mgombea wake. Miaka yote hiyo mlolongo umekuwa wangu wote, kwa kuwa hapakuwa na mgombea mwingine.

Mwaka huu yupo. Wekesa! Mwenye kibanda cha video karibu na stendi, ambaye hushika maikrofoni na kuzungumza juu ya filamu kuanzia mwanzo hadi mwisho, eti anawafafanulia watu. Mtu huyo akikalie kiti changu? Kiti chenye mto alioushona mke wangu Nanjala kwa mkono wake?

Filamu ni ya Kipolandi, ya rangi nyeusi na nyeupe. Mjane anaishi katika mji wa machimbo ya chumvi. Mumewe amekufa na amezikwa, lakini kila jioni ukungu ukishuka anarudi kubisha mlango. Amekuwa mnyonya damu. Aliyetafsiri ni Swafia, binti wa Mumias aliyesomea uhandisi Poland miaka minne, na sasa anafundisha katika chuo cha ufundi cha Sigalagala. Binti mwenye adabu. Alinisalimu Asalaam aleikum, akanikabidhi flashi, akaniomba niangalie kama kuna makosa ya herufi. Ya herufi tu, alirudia.

Nikaangalia. Marehemu anabisha. Mjane anauliza ni nani. Na huyo marehemu, kiumbe aliyetoka kaburini kwa miguu yake mwenyewe, anajibu (nanukuu): "Nina baridi."

Basi! Hakuna tashbihi. Hakuna methali. Hakuna hata kivumishi!

Nimeiambia kamati kwamba nitayapitia maandishi hayo. Wamekubali kwa haraka iliyonigusa moyo, ingawa mvua ilikuwa imeanza kunguruma. Wekesa alisema mlangoni kwamba hata yakipitiwa na malaika, watu wa hapa wanapendanga kuambiwa, si kusomeshwa.


Jumanne, 10 Juni

Kazi imeanza. Baridi ya marehemu sasa inasomeka hivi: "Ewe ubavu wangu, ewe taa ya nyumba yangu iliyozimika, baridi ya kaburi imenipenya kama msumari katika ubao mbichi, nifungulie, basi, lango la rehema, kwani mgeni njoo, mwenyeji apone."

Nilisimama nikaisoma kwa sauti. Jirani alichungulia juu ya ua kuuliza kama kuna msiba.

Ndipo nikagundua jambo la kutisha zaidi. Katikati ya filamu kuna dakika kumi na moja ambazo hakuna mtu anayesema neno. Kumi na moja! Ukungu unashuka. Mjane anaangalia mlango. Mlango unaangaliwa. Swafia hakuandika chochote! Mtazamaji wa Kakamega atoke kwake, akanyage matope, alipe kiingilio, kisha aachwe na ukungu bila maelezo?

Nimejaza pengo hilo kwa beti ishirini na mbili kuhusu ukungu. Vina vinalingana.


Jumatano, 11 Juni

Wazo! Nashangaa halikunijia mapema.

Katika filamu kuna mtawa mzee, mkuu wa nyumba ya watawa, mwenye ndevu nyeupe na macho ya huruma. Anasimama kwenye ngazi za kanisa na kuwabariki watu wa mji. Hotuba yake ni ndefu na ni ya Kipolandi. Nani ukumbini atajua alichosema? Nimeiandika upya: "Wanangu, zama hizi za giza zinahitaji kiongozi mzoefu. Msibadilishe fundi katikati ya ujenzi. Mwalimu Phineas tosha!"

Si udanganyifu. Ni tafsiri yenye maono.

Swafia amepiga simu kuuliza kama nimemaliza. Nilimwambia nimo katika alama za mkato. Akasema kwa upole kwamba maandishi ya chini ni ya kusomwa kwa pumzi moja, isizidi mistari miwili, ili jicho lipate nafasi ya kurudi kwenye uso wa mtu. Eti tafsiri nzuri ni ile ambayo mtazamaji akifika nyumbani anaapa kwamba alimsikia Mpolandi akisema Kiswahili. Nilimweleza kwamba nilifundisha Ushairi miaka thelathini na moja. Akasema sawa, Mwalimu. Vijana wanahitaji kuongozwa.


Alhamisi, 12 Juni

Pigo jikoni. Niliweka kompyuta mezani ili Nanjala anijaribie usomaji huku akichoma chapati. Ameungua kidole, chapati mbili zimekuwa makaa, na hakuuona mji wala mjane. Akasema, Baba Michelle, nilipomaliza kusoma huyo mama alichokuwa akisema, alikuwa ameshaondoka na mlango amefunga. Akaniuliza pia kama marehemu ana meno, maana hakuyaona. Maneno yalikuwa yamemfika puani.

Inaonekana anahitaji miwani.

Jioni, habari njema: Bi Chepkoech, afisa wa utamaduni, amekubali kuwa mgeni wa heshima. Jasho likanitoka. Filamu haina itifaki! Hadhara nzima, mgeni wa heshima, wazee, viongozi wa dini, halafu mnyonya damu aanze kubisha bila kumtambua mtu yeyote? Katika nchi gani?

Nimeandika itifaki ya dakika nne, ipite chini ya picha za mwanzo, na kila mtu ametajwa kwa cheo chake. Ili kuipisha, niliiamuru kompyuta iyasogeze mbele maandishi mengine yote kwa dakika nne. Ikaniuliza kama nina hakika. Nikabonyeza ndiyo. Nikazitazama dakika zile nne za kwanza mara tatu. Zinapendeza mno. Sikuona haja ya kutazama zaidi.


Ijumaa, 13 Juni

Mvua. Wekesa amebandika picha yake kwenye kila nguzo. Nimesafisha suti. Nimeandika hotuba ya ushindi, kurasa sita. Nanjala amenishauri niandike na ya pili, fupi. Sikumwelewa.


Jumamosi, 14 Juni

Nitajaribu kuandika kwa mpangilio.

Saa nane mchana. Madirisha yamezibwa kwa blanketi, shuka jeupe limetundikwa, ukumbi umejaa pomoni. Mimi mwenyewe kwenye kompyuta. Itifaki ikaanza kupita, na Bi Chepkoech alipoliona jina lake chini ya mlima wa Poland, aliinamisha kichwa kidogo. Nilivimba. Nilimtupia Wekesa jicho.

Itifaki ikaisha. Mjane akafungua kinywa. Chini yake, hakuna neno. Akazungumza kwa dakika nzima kwa Kipolandi kitupu. Nikadhani umeme. Kisha akatokea mbuzi, mbuzi wa kawaida akitafuna kamba, na chini ya mbuzi huyo yakachomoza maneno: "Nimekupenda tangu ujana wetu, nawe wajua, ewe uliyenivisha pete."

Kicheko! Ukumbi mzima! Mzee mmoja akataka kujua pete yenyewe iko pembe gani.

Ndipo nikaelewa, na damu ikaniganda. Maneno yalikuwa yamesogea dakika nne, lakini filamu haikusogea nayo. Kila mtu alikuwa akisema maneno ya mtu wa dakika nne zilizopita! Mazishi yalipita juu ya bei ya chumvi. Mbwa alitoa pole kwa niaba ya baraza la mji. Nilibonyeza kila kitu kinachobonyezeka. Nikafanikiwa kuzima kipanya.

Nikaanza kuhesabu. Mtawa anabariki watu katika dakika ya thelathini na moja. Kwa hiyo maneno yake yangetokea katika dakika ya thelathini na tano. Nani yumo katika dakika ya thelathini na tano? Nikakumbuka. Nilisimama kuziba projekta kwa mwili wangu, lakini waliokuwa nyuma wakanipigia kelele niketi, Mwalimu, tunaona koti tu.

Nikaketi. Na marehemu akainua uso wake polepole kutoka shingoni mwa mchinja nyama wa mji, kidevu kikichuruzika damu, akatutazama sote machoni, na chini yake yakasimama maneno kwa sekunde kumi: "Mwalimu Phineas tosha!"

Kisha Wekesa, asiyenyamaza hata kanisani, akasema taratibu: "Sasa hiyo nayo ni manifesto."

Sitaandika kilichofuata. Ukumbi ulikaribia kuanguka. Bi Chepkoech alikuwa akijipangusa machozi kwa ratiba ya mkutano.

Naye ndiye aliyeuliza, alipopata pumzi, kama tafsiri halisi ipo. Swafia alifungua mkoba akatoa flashi nyingine. Alikuwa nayo muda wote! Hakunitazama. Aliniomba tu nafasi, Mwalimu, tafadhali, akakaa pale nilipokuwa nimekaa, akaianza filamu upya.

Lazima niseme ukweli, kwa kuwa shajara ni kama kiapo. Hakuna aliyecheka tena. Mjane alisema, nasi tukamsikia. Sikusoma; nilisikia. Ukungu ukashuka, dakika kumi na moja bila ubeti hata mmoja, na watu wakaacha kukohoa. Mvua ilikuwa ikigonga mabati, na sikuweza kujua ipi ni ya Poland na ipi ni yetu. Mlango ukabishwa. Mjane akauliza ni nani.

"Nina baridi."

Mwanamke aliyekuwa mbele yangu alishika mkono wa jirani yake. Mama mmoja mzee akasema kwa sauti ya kusihi: "Mfungulieni jamani, ni bwana yake." Mwingine akamjibu: "Thubutu! Huyo si bwana tena." Wakagawanyika, ukumbi mzima, wakibishana kwa minong'ono, wakimsihi mjane afungue na asifungue, na mjane ameweka mkono kwenye komeo. Wekesa alikuwa ameushika mdomo wake kwa mikono miwili. Nami, mimi niliyeifahamu filamu hiyo kwa moyo, nilijikuta nimesimama.

Hakufungua. Nilishukuru Mungu. Kisha nikamhurumia marehemu.

Baadaye mlolongo. Wekesa alitangulia kutangaza kwamba hagombei tena. Alisema yule binti amemnyamazisha kwa maneno mawili, na mtu akikushinda kwa maneno mawili usimjibu kwa elfu. Akampendekeza Swafia. Swafia akakataa. Wakamsimamisha mbele kwa nguvu.

Nilisimama mahali pangu pa kila mwaka, kifua mbele, macho ukutani, kama itakiwavyo. Nikasikia miguu mingi ikitembea. Nikaisikia hata miguu ya Nanjala, naijua. Alipopita alininong'onezea kwamba chakula changu kiko nyumbani, lakini kura iko hapa.

Nikageuka. Wanachama hamsini na mmoja nyuma ya Swafia. Nyuma yangu, mtu mmoja.

Wekesa! Alisema hawezi kuacha mzee asimame peke yake kama nguzo ya simu.


Jumapili, 15 Juni

Nimekwenda kanisani. Kwenye ngazi, mzee mwenzangu wa kwaya alinionyesha meno yote na kusema tosha. Mchungaji mwenyewe alipofika kwenye baraka alinitazama, akasita.

Nimemwomba Nanjala aurudishe mto. Amesema aliushonea kiti cha mwenyekiti, na kiti kina mwenyekiti.


Jumanne, 17 Juni

Nimeshtuka tena, safari hii kwa furaha. Swafia amekuja nyumbani na mandazi ya mama yake. Filamu itaonyeshwa upya Jumamosi kwa walioikosa, na anataka nishiriki. Akanieleza kwamba hakutafsiri neno la mwisho kabisa, lile linalotokea peke yake katika ukungu mjane anapotoweka. Amenitunzia mimi. Ni neno moja, Mwalimu, akasema, na hakuna anayelijua kukuzidi. Neno lenyewe, kwa Kiswahili, ni "Mwisho".

Nilimshika mkono. Nanjala alimwonya kwa macho, nilimwona.

Ni kweli nimetafakari sana juma hili. Nimekubali kosa langu, na ninaliandika hapa bila kujitetea: itifaki haikupaswa kuwekwa mwanzoni. Watu walikuwa bado wanatafuta viti. Mahali pake ni mwishoni, wametulia, wameguswa, hawana pa kukimbilia.

Rasimu ya kwanza iko tayari:

"Mheshimiwa mgeni wetu, mwenyekiti mpya na aliyemtangulia, wazee, akina mama, vijana, nanyi nyote mliotoka karibu na mbali: itifaki ikiwa imezingatiwa, ninayo heshima na taadhima kuwatangazia, bila kuwachosha, ya kwamba kwa mapenzi yake Mola tumekifikia kile ambacho wahenga wetu, katika hekima yao isiyo na"

Hapa shuka la ukumbini linajaa maneno. Kesho nitamwomba Swafia aniongezee dakika nne.