Mfalme Aliyeuawa Kwenye Kiti Changu cha Kunyolea

Kwa Mwalimu Mkuu,

Pokea salamu za heshima kutoka kwa mzazi ambaye hajawahi kukusumbua, hata ile siku mpira wa wanafunzi wako ulipovunja kioo changu kikubwa. Mimi ni yule kinyozi wa mkabala na lango la shule, mwenye mlango wa bluu. Kichwa chako nimekishika mara nyingi, kwa hiyo naamini utanivumilia nikisema wazi.

Namlalamikia mwalimu wa Kiingereza wa kidato cha tatu, yule mama mwembamba anayening'iniza miwani shingoni kwa kamba. Amewapa watoto wetu tamthilia za kale za Waingereza, zile ambazo ndani yake mtu hawezi kuomba maji ya kunywa bila kwanza kuliaga jua. Angewaacha wasome, wajibu maswali, kisha wasahau kwa amani kama tulivyosahau sisi, nisingeshika kalamu. Lakini anataka wasome kwa sauti, wageuze kila onesho liwe Kiswahili cha nyumbani, halafu waigize. Madhara yake ni haya:

1. Binti yangu anaongea. Tangu mama yake afariki alikuwa mtoto wa maneno machache, hata wateja wakampa jina la Kimya. Akitoka shule alikuwa anakaa kwenye benchi la dukani na vitabu vyake. Tukifunga, tunakwenda nyumbani, tunakula, tunalala. Nyumba ilitulia kama maji ya mtungini. Sasa nikimwambia aoshe vyombo, anasimama katikati ya jiko, analigeukia friji na kuliuliza ametenda kosa gani hata ahukumiwe kwa masufuria. Friji halijibu. Najibu mimi, na hapo ndipo ninaposhindwa.

2. Kazi yangu imeingia doa. Katika tamthilia wanayosoma kuna mfalme dhalimu asiyemwamini mtu yeyote ila kinyozi wake, na maadui wa mfalme wanamrubuni huyo kinyozi amuue kitini. Binti yangu aliamua kulisoma onesho hilo dukani Jumamosi asubuhi, benchi limejaa. Wakati huo nilikuwa na dereva wa lori kitini, kichwa ameegemeza nyuma, povu limemfika masikioni. Kinyozi wa mfalme aliposema, "Niwie radhi, bwana wangu, wembe huu una kiu," dereva aliniangalia kwenye kioo. Nikatabasamu ili kumtuliza. Nilikosea. Aliondoka na ndevu upande mmoja, na mpaka leo hajaja kudai haki ya upande wa pili.

3. Wale wasiokimbia, hawaondoki. Fundi saa na karani mstaafu wa mahakama walishanyolewa zamani, lakini wanakalia benchi kutwa kumsaidia mtoto kugeuza maneno. Juzijuzi walibishana kuhusu namna ya kumtukana mfalme kwa adabu. Karani akashikilia kwamba mfalme haitwi mpumbavu, anaitwa mtukufu asiyeshaurika. Fundi saa akasema hiyo ni sifa, si tusi. Sasa hawasemeshani, ila kila mmoja bado anawahi nafasi yake. Mteja mwenye nywele za kukatwa akiingia, anaambiwa asubiri: mfalme kwanza.

4. Dada yangu mkubwa, ambaye tunaishi naye, alipewa nafasi ya mama wa mfalme kwa sababu ya sauti yake. Ilikuwa ya mazoezi tu, lakini hajaiachia. Anaagiza chai kwa kunyoosha kidole. Jumapili mwenye nyumba alikuja kuangalia bomba linalovuja, akatangaziwa kuwa ni msaliti na kufukuzwa kutoka mipaka yote ya himaya. Alikwenda. Bomba bado linavuja, himayani.

5. Hili ndilo zito. Nilimkumbusha binti yangu kwamba atasomea uhasibu, kama tulivyokubaliana. Safari hii hakuligeukia friji. Alivuta kiti, akakaa mbele yangu, akasema, "Baba, hatukukubaliana. Ulisema wewe, nikanyamaza mimi."

Mwalimu Mkuu, sentensi hiyo haimo katika tamthilia. Nimeitafuta ukurasa kwa ukurasa, nikisaidiwa na karani. Ameitunga mwenyewe. Kama watoto wataanza na maneno ya watu waliokwisha kufa na kuishia na ya kwao wenyewe, sisi wazazi tutabakiwa na nini cha kusema?

Kwa hiyo naomba, kwa unyenyekevu, tamthilia hizo zikusanywe na kufungiwa stoo pamoja na majembe. Mwalimu apewe somo lisilopigiwa kelele, kama jiometri. Na binti yangu nirudishiwe alivyokuwa. Kwa upande wangu nimeshachukua hatua: kitabu nimemnyang'anya, nimekiweka kwenye droo ya mashine zangu.

Nisalimie walimu wote, mpishi, na bawabu wa langoni. Msalimie na makamu wako, umwambie kisogo chake kinanitafuta. Hata mwalimu wa Kiingereza msalimie. Ugomvi ni ugomvi, na adabu ni adabu.

Ni mimi mzazi mwenzenu, ninayewatakia utulivu,

Kinyozi wa Mlango wa Bluu

N.B. Hayo juu niliyaandika juzi, nikakosa wa kumtuma. Nilipomnyang'anya kitabu hakubisha. Aliosha vyombo, akaenda chumbani, akafunga mlango polepole. Jana vivyo hivyo. Dada yangu aliomba chai kama mtu wa kawaida, na hakuna aliyecheka. Leo asubuhi nimekitoa kitabu, nikasimama nje ya mlango wa binti yangu na kusoma sehemu ya mjumbe anayeleta habari za vita. Nilisoma vibaya, kwa Kiingereza changu nilichookota kwa watangazaji wa mpira. Nikamaliza, nikakifunga kitabu. Nilikuwa nageuka niende zangu aliposema kutoka ndani, "Baba, huyo mtu amekimbia njia nzima. Msome akihema." Nikahema. Akafungua mlango, akaniambia nirudie tangu mwanzo.

Tafadhali chana yote niliyoandika. Bakisha salamu.